Mji wa Unguja na Watu Wake



Liko swali ambalo watoto hupenda kuwauliza wazee wao jioni, chakula kikisha kuliwa: "Sisi asili yetu ni wapi?" Katika nyumba nyingine swali hili hujibiwa kwa furaha. Baba hutaja jina la babu, na la baba yake babu, na kijiji chao, na mto uliopita karibu nacho. Lakini katika nyumba nyingi za mji wetu wa Unguja, na hasa nyumba za Wakristo wa zamani, mzee hunyamaza kidogo, kisha husema, "Sisi ni watu wa hapa hapa," akaondoka kwenda kutazama kama mlango umefungwa. Sisi wenyewe tulilelewa katika nyumba ya namna hiyo. Basi leo tumeona vema kueleza habari za mji huu na za watu walioujenga, ili wazazi na walimu wapate neno la kuwajibu watoto. Maana jibu lipo, tena si jibu la aibu.

MJI WENYE PANDE MBILI

Mtu ajaye Unguja kwa bahari huona kwanza majumba meupe ya mawe, ambayo leo huitwa Mji Mkongwe. Zamani upande huu ulikuwa karibu kuwa kisiwa. Maji ya bahari yaliingia nyuma yake na kuutenga na nchi iliyobaki, na watu walivuka kwa daraja. Mahali pale paitwa Darajani hata leo, ingawa daraja halipo tena. Maji yalifukiwa kidogo kidogo, na sasa pana barabara na soko. Upande wa pili wa maji watu waliuita Ng'ambo. Ukitaka kujua habari za mji huu, anza na neno hilo, kwa kuwa karibu kila aliyeingia humu alivuka maji.

Tazama pia majina ya mitaa. Kikwajuni palikuwa na mkwaju, Miembeni miembe, Michenzani michenza. Vikokotoni palikuwa na vijiwe vidogo vidogo, na Kisima Majongoo bila shaka wachota maji waliwaona wadudu hao. Majina haya hawakuyatunga watawala. Waliyatunga watu wanyonge waliokuwa wakielekezana njia: kata pale kwenye mkwaju, pita kisimani, utaiona nyumba yangu. Miti imekatwa na visima vimezibwa, lakini sauti zao tunazisikia kila siku.

WALIOTANGULIA NA WALIOFUATA

Kabla ya majumba ya mawe walikuwako Wahadimu na Watumbatu, wakulima na wavuvi wa kisiwa, nao walikuwa na mtawala wao, Mwinyi Mkuu. Wa mwisho mwenye nguvu, Mwinyi Mkuu Muhammad, alikaa Dunga, akafa mwaka wa 1865. Wareno walipata kukaa hapa, wakawa na kanisa pwani. Waarabu wa Oman walipowafukuza Wareno mwishoni mwa karne ya 17, walijenga Ngome Kongwe mahali pale pale penye kanisa, nayo imesimama hata sasa.

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 Sayyid Said bin Sultan alihamisha makao yake kutoka Maskati akaja kukaa Unguja. Hapo ndipo mji ulipokua upesi. Mikarafuu ilipandwa mashambani, pembe za ndovu zikaja kutoka bara, na merikebu za Marekani zikaleta kitambaa ambacho watu wakakiita merikani. Wakaja Wahindi wa namna nyingi, Wabaniani na Makhoja na Mabohora, wakafungua maduka na kushika hesabu za forodha. Wakaja Washihiri kutoka Hadhramaut, wakawa wachukuzi na wauza kahawa. Wakaja Wangazija, mafundi wa kushona. Baadaye wakaja Wagoa, na kanisa lao kubwa la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa na mapadre Wafaransa, lilimalizika mwaka wa 1898.

Watu hawa wote walikuja kwa hiari yao, wakitafuta faida. Lakini waliokuwa wengi kuliko hao wote hawakuja kwa hiari. Waliletwa. Walikuwa Wayao, Wanyasa, Wamakua, Wazaramo, Wazigua, Wanyamwezi, Wamanyema na wengine wengi. Walitembea kwa miguu kutoka bara wakiwa wamefungwa, wakapakiwa majahazini, wakateremshwa pwani yetu kuuzwa. Wao ndio waliochuma karafuu, wao ndio waliobeba mawe ya majumba yale meupe. Mtu akisifu milango ya Mji Mkongwe na nakshi zake, amesema kweli. Lakini kweli yake haijatimia mpaka awataje na hao.

SOKO LA MKUNAZINI

Tarehe 5 Juni mwaka wa 1873, Sayyid Barghash alitia sahihi mapatano na Waingereza, na soko la watumwa likafungwa. Lilikuwa Mkunazini, mahali penye mkunazi. Sehemu ya kiwanja ilinunuliwa kwa ajili ya misioni, na sehemu nyingine ilitolewa na mfanya biashara Mhindi, Jairam Senji, aliyekuwa Mhindu. Siku ya Noeli ya mwaka ule ule wa 1873 jiwe la msingi la kanisa liliwekwa, na Noeli ya mwaka wa 1879 kanisa likafunguliwa. Husimuliwa ya kwamba saa ya mnara ilitolewa na Sayyid Barghash mwenyewe. Basi angalieni: kiwanja kwa ukarimu wa Mhindu, saa kwa ukarimu wa Sultani Mwislamu, na kazi ya mikono ya watu ambao wengi wao walikuwa wamepita katika mateso ya mahali pale. Kanisa hilo halikujengwa na taifa moja.

Askofu Steere aliyelijenga alikuwa mtu wa vitabu pia. Alikaa na wanafunzi na wazee wa mji akiwauliza maneno, akayaandika, akayachapa. Vijana wa shule ya Kiungani, ambao wengi walikuwa wametolewa majahazini, walijifunza kupanga herufi na kupiga chapa, na mwaka wa 1888 gazeti lao, *Msimulizi*, likaanza kutoka. Fikirini, ninyi walimu: mtoto aliyefika hapa hajui neno moja la Kiswahili, baada ya miaka michache apanga herufi za Kiswahili ili wengine wasome. Hata ulipofanyika mkutano wa Mombasa mwaka wa 1928 na kuchagua lugha moja ya kufundishia, kilichochaguliwa ni Kiunguja. Kiswahili tukisomacho leo shuleni ni Kiswahili cha mji ambao watu wake wengi walilazimika kujifunza lugha mpya ili wapate kusemezana.

WATU WALIOTOKA BAHARINI

Mwaka wa 1864, Askofu Tozer na Dr. Steere walipofika Unguja, Sultani Majid aliwapa wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa. Mmoja wao, John Swedi, alipewa daraja ya ushemasi mwaka wa 1879. Kijana mwingine aliyekombolewa, Cecil Majaliwa, Myao, akawa kasisi mwaka wa 1890, Mwafrika wa kwanza wa misioni ile kupata daraja hiyo, naye alifanya kazi karibu na mto Ruvuma, katika nchi ya watu wake.

Manowari za Waingereza ziliendelea kukamata majahazi, na manowari moja, jina lake *London*, ilikaa bandarini kwetu kwa kazi hiyo tangu 1874 mpaka 1883. Wengi wa waliokombolewa walipelekwa Mbweni, kusini ya mji, katika shamba lililonunuliwa na misioni mwaka wa 1871. Huko walipewa viwanja vya kujenga na vishamba vya kulima. Kanisa la Mtakatifu Yohana la Mbweni, lililomalizika mwaka wa 1882, lipo hata leo na watu husali humo. Ilikuwako na shule ya wasichana, iliyosimamiwa kwa miaka mingi na Miss Caroline Thackeray, aliyefika mwaka wa 1877 akakaa Unguja mpaka alipofariki mwaka wa 1926. Magofu ya shule ile yaonekana bado. Tena wako waliotamani kurudi bara. Mwaka wa 1876 Askofu Steere aliongoza kundi lao, nao wakaanzisha kijiji Masasi.

Bibi yetu mzaa mama alikuwa mtu wa Mbweni. Alikuwa mtoto mwaka ule Miss Thackeray alipofariki, na bibi yake yeye alikuwa mmoja wa wale walioteremshwa manowarini. Tulimwuliza mara nyingi kabila letu, naye alikuwa na jibu moja tu, ya kwamba sisi tulitoka baharini. Tulipokuwa wadogo tulidhani ni hadithi ya kuchekesha, tukamwuliza kama babu zetu walikuwa samaki. Yeye hakucheka. Tulipokuwa wakubwa tukatambua ya kwamba alikuwa ametuambia yote aliyoyajua. Bibi yake alitekwa akiwa mdogo mno; jina la kijiji chake lilikwisha msahau njiani, na lugha ya mama yake ikafuata. Alichokumbuka ni jahazi, na giza la tumbo la jahazi, na mikono iliyomwinua kumtoa. Kwake yeye dunia ilianzia hapo.

Ndiyo sababu tumesema ya kwamba wazee wanyamazapo si kila mara wanaficha. Wengine wananyamaza kwa kuwa hawana la kutaja. Lakini wengine wananyamaza kwa aibu, na aibu hiyo ndiyo tunayotaka kuiondoa.

NG'AMBO

Watumwa wa mji hawakuwekwa huru siku moja. Mapatano ya 1873 hayakuuondoa utumwa wenyewe. Sheria ya kuondoa hali ya utumwa ilitolewa tarehe 6 Aprili mwaka wa 1897, na masuria waliachwa nje ya sheria hiyo mpaka mwaka wa 1909. Wengi waliopata uhuru walikwenda Ng'ambo, wakajenga nyumba za udongo na makuti. Kiwanja hakikuwa chao. Walilipa kodi ya ardhi kwa wenye viwanja. Mwaka wa 1928 watu wa Ng'ambo walikataa kuilipa, wakagoma pamoja, wa kila asili.

Wakabadili na mavazi yao. Mtumwa alivaa merikani isiyotiwa rangi, au kaniki nyeusi. Mwanamke aliyepata uhuru aliitupa kaniki akanunua kanga ya maua, na alipotoka kwenda sikukuu alitaka aonekane kama mtu mwenye jina. Wala hakuwa amekosa. Wengi wakabadili na majina: waliokuwa wakiitwa Wanyasa au Wamanyema wakajiita Waswahili, na baadaye wengine wakajihesabu pamoja na Wahadimu, au wakajiita Washirazi. Walikuwa wakitafuta kitu kimoja tu, yaani kuhesabiwa miongoni mwa wenyeji.

Hakuna mfano ulio wazi kuliko ule wa Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba karibu na mwaka wa 1880, na asili ya wazazi wake ni Unyamwezi na Uzigua. Jina alilopewa alipozaliwa ni Mtumwa. Alikuja mjini mwaka wa 1911, akajifunza kuimba tarabu, na mwaka wa 1928 alikwenda Bombay kutiwa sauti yake katika sahani za santuri. Watu wa pwani yote wakamjua kwa jina la Siti, yaani bibi mwenye heshima. Alipofariki mwaka wa 1950 alikuwa ameuonyesha mji wote ya kwamba jina la Mtumwa halimfungi mtu milele. Naye Shaaban Robert akaandika wasifu wake, ili habari zisipotee.

TULIVYOKUA SISI

Sisi tulizaliwa Ng'ambo, miaka kumi na mitano baada ya mapinduzi ya Januari 1964. Mapinduzi yale yalimwaga damu nyingi, na majirani wengi, Waarabu na Wahindi, walikufa au waliihama nchi. Wazee wetu hawakupenda kuyazungumza hayo pia. Mtu alipouliza nyumba fulani ilikuwa ya nani, alijibiwa, "Walikuwako watu." Basi hivyo mji wetu ulikuwa na kimya cha namna mbili: kimya cha walioletwa, na kimya cha walioondoka.

Hata hivyo maisha ya mtaa yalikuwa mema. Nyumba iliyotukabili ilikuwa ya fundi kofia Mngazija. Nyuma yetu alikaa mzee Mmakonde. Na bwana wa Kishihiri alipita alasiri na birika yake ya kahawa akigonga vikombe. Mwezi wa Ramadhani watoto wa jirani walituletea sahani ya futari, na siku ya Noeli mama alitutuma kuzirudisha sahani zile zimejaa pilau, kwa kuwa kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Hatukuuliza asili ya sahani.

Lakini siku moja katika mchezo wa mpira ukatokea ugomvi, na mtoto mmoja akamtukana mwenzetu wa Mbweni akamwita mtoto wa watumwa. Mwenzetu akalia. Hapo bibi mmoja Mwislamu, mzee sana, aliyekuwa akisuka ukili barazani, akawaita wote wawili. Hakuwapiga. Akamwuliza yule mtukanaji, "Nani hapa hakuvuka maji?" Akaanza kuhesabu nyumba moja moja: hawa wamekuja na jahazi la Ngazija, wale na jahazi la Shihiri, hawa kutoka Bagamoyo, na babu yako wewe kutoka Kilwa. Hata Wahadimu, akasema, husimulia ya kwamba wazee wao wa kale walivuka kutoka Shirazi. "Tofauti," akasema, "ni kwamba wengine walilipa nauli, na huyu babu zake waliwalipia wengine utajiri."

Maneno hayo hatukuyaelewa siku ile. Sasa twayaelewa. Aibu ya utumwa ni ya nani? Mtu aliyeibiwa hana aibu; mwenye aibu ni mwizi. Nasi kwa kuficha asili yetu tumekuwa kama watu walioibiwa mali, kisha wakamsaidia mwizi kuficha nyayo zake.

YATUPASAYO KUFANYA

Mkunazini, karibu na kanisa, pana shimo, na ndani ya shimo zimesimama sanamu za watu watano wa mawe, shingoni wamefungwa mnyororo. Ziliwekwa mwaka wa 1998, kazi ya mchongaji kutoka Sweden. Wageni wa nchi za mbali huja kila siku kuzitazama na kuzipiga picha. Wengine hutokwa na machozi. Lakini twajiuliza: je, mgeni wa Ulaya aijue habari hii, na mtoto wa Mbweni asiijue? Yeye aonyeshwe mawe, na mtoto wetu asiambiwe ya kwamba mama wa bibi yake alikuwa mtu wa namna hiyo, mwenye nyama na damu?

Majumba nayo hayadumu. Beit al-Ajaib, iliyojengwa na Sayyid Barghash mwaka wa 1883, sehemu yake ilianguka siku ya Noeli ya mwaka wa 2020. Nyumba ya mawe ikianguka watu hukusanyika kuitazama, na mafundi huitwa. Mzee akifariki na habari zake, hakuna fundi wa kuzijenga tena.

Basi twawashauri wenzetu mambo haya. Kwanza, kila nyumba iwe na daftari moja. Andikeni jina la kila mzee aliye hai, na mahali alipozaliwa, na majina ya wazee wake anaowakumbuka, na lugha waliyosema, hata likiwa neno moja tu la wimbo wa kumlaza mtoto. Pili, vitabu vya ubatizo vya makanisa ya zamani vina majina na tarehe. Mwombeni padre awasomee, na wenye nafasi waende Nyumba ya Nyaraka, Kilimani. Tatu, ninyi walimu, msimwambie mtoto asimame mbele ya wenzake ataje kabila lake. Sisi tulipata kuambiwa hivyo katika shule moja, nasi tukasimama kimya wakati darasa linacheka. Mwambieni badala yake aulize nyumbani namna wazee wake walivyofika katika mji huu. Swali hilo kila mtoto aweza kulijibu, maana kila nyumba ina safari yake.

Nne, tuwaulize wazee kwa adabu. Usimwendee mzee na kalamu mkononi kama karani wa mahakama. Mpe shikamoo, mchotee maji, mchambulie mchele, kaa naye. Akinyamaza, nyamaza nawe; rudi kesho. Na akisema ya kwamba alitoka baharini, usicheke. Liandike neno lake kama alivyolisema, uweke na tarehe.